Mkasi mmoja, picha tatu: kusoma alama na utambulisho kwenye sanaa ya surealizimu

Watu wengi wakikutana na picha ya surealizimu, yaani zile picha zenye saa zilizolegea, uso uliofunikwa na tofaa, moyo uliokaa nje ya kifua, wanaanza kuuliza kitu kimoja kimoja kina maana gani, kama mtu aliyefungua kitabu cha tafsiri ya ndoto: nyoka ni adui, maji ni riziki, jino kung'oka ni msiba. Naelewa hamu hiyo inakotoka maana picha zenyewe zinakualika kabisa uulize. Lakini ukienda hivyo utafika mahali picha inageuka fumbo lenye jibu moja, ukishalipata jibu unaondoka, na picha hujaiangalia.

Mimi ninachotaka kusema hapa ni kwamba alama kwenye picha hizi haibebi maana yake mfukoni kwenda nayo kila inapokwenda. Maana inatoka kwenye kazi inayofanya ndani ya picha ile, mkononi mwa nani, karibu na nini, na mchoraji aliiokota wapi. Nitachukua kitu kimoja tu, mkasi, nikifuate kwenye picha tatu za wachoraji wawili, wote wa miaka ileile ya 1939 mpaka 1943, na wote wawili shida yao kubwa ilikuwa swali la mimi ni nani.

Kwanza historia kidogo, haraka. Surealizimu ilianza Paris, na mwaka 1924 André Breton, mshairi Mfaransa, akatoa waraka wake wa kwanza wa kuutangaza mwenendo huo. Breton alikuwa amesomea udaktari, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi hospitalini na askari ambao akili zao zilikuwa zimevurugwa na vita, akawasikiliza wanavyoongea, na pia alikuwa anamsoma Sigmund Freud, daktari wa akili wa Austria, kuhusu ndoto na yale tunayoyaficha hata sisi wenyewe tusijue. Wazo lake likawa kwamba akili inayojitawala, ile yenye adabu na hesabu, inatuficha nusu ya maisha, kwa hiyo msanii aandike au achore bila kujizuia, aache yaliyo chini yapande juu. Sasa hapo ndipo kitabu cha ndoto kinapoingia, watu wakasema basi kama ni ndoto, tuitafsiri.

Shida ni kwamba wachoraji wenyewe hawakukubaliana kabisa kwenye hili. Salvador Dalí, Mhispania, alipenda kutafsiriwa, alikuwa anawapa watu funguo mwenyewe, na zile saa zake za 1931 alisema wazo lilimjia akiangalia jibini laini iliyokuwa inayeyuka. René Magritte, Mbelgiji, alikuwa kinyume chake. Mama yake alijitupa mtoni mwaka 1912 wakati Magritte ana miaka 13, na ikasimuliwa kwamba mwili ulipopatikana gauni la kulalia lilikuwa limefunika uso, basi alipochora mwaka 1928 wapenzi wawili wanabusiana huku vichwa vyao vimefunikwa shuka nyeupe kila mtu akasema tayari, tumeshapata, ni mama yake. Magritte hakuipenda hiyo tafsiri. Na nadhani alikuwa na haki, sio kwa sababu msiba ule haukumgusa, hilo hatuwezi kumsemea, ila kwa sababu ukishasema "ni mama" hutaangalia tena wale watu wawili wanaobusiana bila kuonana, na picha inahusu hilo hasa: umemkumbatia mtu na bado humfikii. Ukitazama ule mtindo wa nguo za kawaida kabisa, suti na tai, ndo inauma zaidi.

Haya, tuje kwa Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, hapa nitakaa sana.

Picha yenyewe ni ile ya Frida wawili, ya mwaka 1939. Ni kubwa, karibu sentimita 173 kila upande, kwa hiyo ukisimama mbele yake pale Museo de Arte Moderno jijini Mexico, wale wanawake wawili wanakaribia ukubwa wa mtu halisi. Wamekaa kwenye benchi moja, wameshikana mikono, nyuma yao mawingu mazito ya dhoruba. Wa kushoto amevaa gauni jeupe la kizungu, shingo ndefu, lesi, nguo ya enzi za bibi zetu wa Ulaya. Wa kulia amevaa kimexico, blauzi ya bluu na njano na sketi ndefu ya kijani iliyofifia, vazi la wanawake wa Tehuantepec kule jimbo la Oaxaca. Mioyo ya wote wawili iko nje, wa kulia mzima, wa kushoto umepasuliwa mpaka unaona ndani. Halafu kuna mshipa mmoja mwembamba mwekundu unaowaunganisha.

Tafsiri ambayo utaisoma kila mahali ni hii: baba yake Frida, Guillermo Kahlo, alikuwa Mjerumani aliyehamia Mexico mwaka 1891, mama yake Matilde Calderón alikuwa Mmexico mwenye damu ya Kihispania na ya wenyeji, kwa hiyo Frida mmoja ni Ulaya na mwingine ni Mexico, basi. Nyingine inasema Frida wa kimexico ndiye ambaye mumewe, mchoraji Diego Rivera, alimpenda na mwenye gauni jeupe ni yule aliyekataliwa, maana mwaka huohuo wa 1939 ndoa yao ilivunjika. Zote mbili zina ushahidi wake na sizikatai. Ila zinaishia njiani.

Fuata ule mshipa kwa jicho, usikimbilie maana. Unaanzia kwenye mkono wa Frida wa kulia, ameshika kipicha kidogo cha duara la yai, na kwenye kipicha kile kuna Diego akiwa mtoto. Mshipa unatoka pale, unazunguka mkono, unapanda mpaka moyoni, kutoka moyo mzima unavuka kwenda shingoni na moyoni mwa yule mwingine, halafu unashuka kwenye mkono wake wa kulia mpaka mapajani. Na hapo umekatwa. Mwenye gauni jeupe ameshika kifaa chenye umbo la mkasi, amebana ncha ya mshipa, na damu bado inadondoka kwenye sketi nyeupe.

Sasa hiki kifaa, wengine wanakiita mkasi na wengine wanasema ni kibanio cha upasuaji, kile cha kuzuia damu. Kwangu mimi tofauti hii ndiyo roho ya picha. Kama ni mkasi, yeye ndiye aliyekata. Kama ni kibanio, yeye ndiye anayejaribu kuokoa. Frida aliijua sana chumba cha upasuaji, tarehe 17 Septemba 1925 akiwa na miaka 18 basi alilopanda liligongana na tramu, chuma cha kushikia kikampita nyonga, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu hapo maisha yake yakawa ya madaktari na koseti za plasta, yale mavazi magumu ya kushikilia mgongo. Mtu kama huyo hachanganyi vifaa bahati mbaya. Mkono unaokata na mkono unaozuia damu ni uleule, na ni mkono wa yule anayesemekana ndiye dhaifu, ndiye aliyeachwa. Yule mwenye nguvu, wa kimexico, mkono wake mmoja umeshika kipicha cha mume na mwingine umemshika mwenzake. Hana hata mmoja ulio huru.

Alafu tazama zile tone za damu kwenye sketi nyeupe, shuka nazo mpaka kwenye pindo. Kule chini kuna maua mekundu yaliyotariziwa. Ukiyaangalia kwa haraka hujui lini damu imeisha na lini maua yameanza. Hii ni alama pia, lakini hakuna kitabu kitakachokupa jibu lake, unaliona tu kwa macho: jeraha linakuwa pambo la nguo. Yaani hiki ndicho Frida alichofanya maisha yake yote, na amekiweka kwenye pindo la sketi mahali ambapo wengi hawafiki kuangalia.

Kuna kitu kingine ambacho nadhani watu wanakipita. Tunazoea kusema Frida wa kimexico ndiye Frida halisi na mwenye gauni ni ganda la ukoloni. Lakini Frida hakukulia Tehuantepec. Alizaliwa na kukulia Coyoacán, kitongoji cha jiji la Mexico, binti wa mpigapicha. Vazi hilo la Tehuantepec, linaloitwa Tehuana, alilichagua ukubwani, hasa baada ya kuolewa na Diego mwaka 1929, wakati wasomi na wasanii wa mjini baada ya mapinduzi ya Mexico walikuwa wanarudi kwenye mavazi ya wenyeji ili kusema sisi sio vivuli vya Ulaya. Wanawake wa Tehuantepec walisifika kwa kushika soko na kusimama wenyewe. Na sketi ndefu ilimfaa pia kwa sababu ya mguu wake wa kulia uliokuwa umesinyaa kwa polio aliyougua akiwa na miaka sita. Kwa hiyo siasa, mapenzi na mguu vyote viko kwenye nguo moja. Hata mwaka wa kuzaliwa aliuchagua: alizaliwa 1907 lakini alipenda kusema 1910, mwaka mapinduzi yalipoanza, ili aonekane amezaliwa pamoja na Mexico mpya.

Ndo maana nasema hakuna Frida aliye uchi pale, wa kweli, na mwingine aliyevaa barakoa. Wote wawili wamevaa. Utambulisho kwenye picha hii ni kitu unachokivaa na kukilipia, sio kitu kilichofichwa chini kinachosubiri mtaalamu aje akifukue, na hapo anaachana kabisa na Breton.

Na waliachana kweli. Breton alifika Mexico mwaka 1938, akaziona picha zake, akashangaa, akasema sanaa ya Frida ni utepe uliofungwa kwenye bomu. Akamwita surealisti kana kwamba anampa cheo. Mwanzoni mwa 1939 Frida akaenda Paris kwa maonyesho, akakuta picha zake bado ziko forodhani hakuna aliyezishughulikia, akaugua, na barua alizoandika kutoka kule zinawasema wale wasomi wa mikahawani kwa maneno makali sana. Miaka ya baadaye aliliambia jarida la Time kwamba walidhani yeye ni surealisti lakini hakuwa, hakuwahi kuchora ndoto, alichora uhalisia wake. Lakini hapohapo Januari 1940 jiji la Mexico lilifanya maonyesho ya kimataifa ya surealizimu, na picha ya Frida wawili ilitundikwa mle. Aliitumia nafasi hiyo na lebo akaikataa. Sioni mgongano hapo. Ukimwambia mtu ambaye mgongo wake umevunjika kwamba moyo uliopasuliwa ni ndoto, atakuambia hapana bwana, hiki ni kipimo cha hospitali.

Tena kuna kauli yake mwenyewe inayotatiza mambo zaidi. Kwenye shajara yake, miaka mingi baada ya picha, aliandika kwamba Frida wawili walitokana na rafiki wa kufikirika aliyekuwa naye akiwa na miaka sita hivi. Alikuwa anapulizia pumzi kwenye kioo cha dirisha la chumbani, anachora mlango kwa kidole kwenye ule ukungu, anatoka kupitia mlango huo, anavuka mpaka kwenye duka la maziwa lililoandikwa Pinzón, anapita kwenye herufi O, anashuka chini ya ardhi ambako rafiki yake anamsubiri, anacheza, na Frida anamsimulia siri zake. Haya sasa, ni talaka, ni wazazi, au ni rafiki wa utotoni? Neno la mchoraji ni ushahidi, na ushahidi mzuri, ila sio hukumu. Mimi shajara ile naiona inaongeza kitu ambacho talaka peke yake haielezi: kwa nini wale wawili wameshikana mikono. Kama ingekuwa vita ya Ulaya na Mexico ndani ya mtu mmoja, wangepeana mgongo.

Mkasi wa pili unakuja mwaka uliofuata, 1940, kwenye picha anayoonekana amekata nywele. Hapa hakuna utata, ni mkasi mtupu. Frida amekaa kwenye kiti cha njano, suti ya kiume kubwa kuliko mwili wake, na nywele zimetapakaa sakafuni na kwenye kiti kama zina uhai, juu pameandikwa mistari ya wimbo ambayo mwanaume anasema kama nilikupenda ilikuwa kwa ajili ya nywele, sasa huna nywele sikupendi tena. Vazi la Tehuana ambalo Diego alilipenda halipo. Nywele alizozipenda ziko chini. Ukisoma haraka utasema ameukataa uanamke. Ila angalia viatu, ni vya kike, na masikioni ana hereni. Hajawa mwanaume, na suti yenyewe sio mpya kwake maana kwenye picha ya familia ya mwaka 1926 tayari alisimama kavaa suti kati ya ndugu zake. Mkasi kwenye picha ya kwanza ulikuwa kati ya kukata na kuokoa, hapa umeshakata na yeye ameushika karibu na mapaja anakutazama moja kwa moja. Kitu kilekile, mwanamke yuleyule, mwaka mmoja tu umepita, na kazi yake imebadilika kabisa. Mwezi Desemba wa 1940 walioana tena na Diego huko San Francisco, kwa hiyo hata hiyo picha msiifanye tangazo la mwisho.

Nitaje kwa kupita tu ile ya mkufu wa miiba, ya 1940 pia, maana ndiyo inayovunja kitabu cha ndoto vizuri zaidi. Shingoni kuna miiba inayomtoa damu, Mkristo ataiona taji ya Yesu. Kwenye miiba ananing'inia ndege mdogo mvumaji aliyekufa, na ndege huyo kwa Waazteki, wenyeji wa kale wa Mexico, ni wa Huitzilopochtli, mungu wa vita, na mitaani Mexico ndege mvumaji aliyekaushwa alitumika kama dawa ya mapenzi. Vita, mapenzi na msalaba kwenye shingo moja. Ukichagua kimoja umepoteza viwili.

Mkasi wa tatu uko Cuba. Wifredo Lam alizaliwa mwaka 1902 mji wa Sagua la Grande, baba Mchina, mama mwenye asili ya Kongo na Hispania, na mama yake wa ubatizo, Mantonica Wilson, alikuwa kuhani wa Santería, dini iliyotoka Afrika Magharibi ikavuka bahari na watumwa. Lam aliishi Hispania, akaenda Paris, akawa karibu na Picasso na Breton, na mwaka 1941 Ulaya ikiwa vitani akapanda meli Marseille, meli moja na Breton, akarudi nyumbani. Alichokikuta kilimuumiza: umaskini wa watu weusi, na ngoma na dini zao zimegeuzwa burudani ya watalii. Ndipo akachora ile inayoitwa Msitu, aliyoimaliza 1943.

Ni kubwa kuliko ya Frida, zaidi ya mita mbili kila upande. Watu wanne hivi wamejibana katikati ya mimea, miguu mikubwa, nyuso za barakoa, baadhi yao nusu farasi. Mimea yenyewe ukiitazama ni miwa, na miwa haimei msituni, miwa inapandwa shambani, na enzi za utumwa mtumwa ndiye aliyeikata. Jina la picha linakupa kile mgeni anachotarajia kukiona Cuba, na picha inakupa shamba. Wale watu farasi nao sio maruweruwe, kwenye Santería anayepandwa na mzimu huitwa farasi wake, na msomaji wa pwani yetu aliyewahi kushuhudia ngoma ya pepo hatahitaji maelezo marefu: mtu anapandwa, anaongea sauti nyingine, na waliopo wanamsalimia aliyepanda. Kumbe hapa "mimi ni nani" sio swali la mtu mmoja na moyo wake kama kwa Frida, mwili mmoja una wenyeji kadhaa na jamii nzima inalijua hilo bila Freud.

Na juu upande wa kulia, mkono umetoka kwenye majani umeshika mkasi mkubwa. Hauna mshipa wa kukata wala nywele. Wengi wanausoma kama kukata kamba ya ukoloni, na kwa jinsi Lam alivyoongea kuhusu kazi yake nakubaliana nao, japo mimi naona pia chombo cha shambani, kitu cha mvunaji, ambacho kwa mara ya kwanza hakielekei kwenye miwa.

Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, ilinunua Msitu mwaka 1945. Kwa miaka mingi haikuwekwa kwenye vyumba pamoja na Picasso na wenzake, ilitundikwa kwenye njia ya kuingilia karibu na mahali pa kuachia makoti, na mwaka 1988 mwandishi John Yau aliandika insha kulisema hilo waziwazi. Wageni walikuwa wanavua makoti mbele ya picha ile, wanaelekea ndani kwenda kuangalia sanaa.